Nani Anasema Ndani ya Picha?

Niruhusuni nianze na habari ya jioni moja.

Ilikuwa mwezi wa tatu wa mwaka 2024. Siku zile vita vya upande wa Masisi na Sake vilikuwa vimeifunga barabara ya Goma, na Minova yetu, mji mdogo uliokaa kando ya ziwa Kivu, ilikuwa imejaa watu hata vibarazani mwa shule. Usiku familia zililala madarasani. Asubuhi mikeka ilikunjwa, sakafu ikafagiliwa, na watoto wakaingia kusoma. Sisi walimu tulitafuta namna ya kuwapa wale wadogo saa moja ya kucheka. Kijana mmoja wa sokoni akatuazima projekta ndogo pamoja na betri ya jua. Shuka jeupe likatundikwa ukutani. Tukawaonyesha kikatuni kimoja cha wanyama, kilichosemwa kwa Kifaransa.

Dakika ya tatu kipaza sauti kikakohoa, kikanyamaza kabisa. Picha zikaendelea kutembea. Tembo alifungua kinywa, ndege akafungua kinywa, nyoka akafungua kinywa, wala hapakuwa na neno. Watoto wakaanza kupiga miluzi, nami nikawa nahangaika na waya gizani. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya mama mmoja mzee, aliyekimbia kutoka milima ya Masisi, naye alikuwa amekuja kumlinda mjukuu wake. Akauliza bila haraka: "Mwalimu, tembo huyu amekatwa ulimi?"

Watu wakacheka. Akasema tena, lakini safari hii hakusema nami. Alikuwa ndiye tembo mwenyewe. Alimpa sauti nzito ya puani, kama ya kapita mwenye mafua. Ndege alisema mbiombio, kama mchuuzi wa sambaza anayeona mvua inakuja. Na nyoka, jamani! Nyoka alisema kwa mnong'ono, hata watoto wa mstari wa mbele wakavuta miguu yao juu ya benchi.

Mama yule hakujua Kifaransa, wala hakuwa ameiona picha ile hata mara moja. Hadithi aliyoisimulia haikuwa ile ya picha. Ukuta ulipobadilika ghafula na kuonyesha mto mahali pa msitu, yeye alisema tu, "Basi, wakafika kwa shemeji yao," na mambo yakaenda sawa. Hadithi yake ikaisha kabla ya picha kwisha. Pale ukutani wanyama walikuwa bado wanakimbia kuelekea upande mmoja. Akawatazama kidogo, akasema: "Hao wamesahau kitu nyumbani. Waacheni waende." Watoto walicheka. Watu wazima waliosimama nyuma hawakucheka.

Kesho yake, darasani, mkono wa kwanza ulioinuka uliuliza: "Mwalimu, ni nani anayesema ndani ya picha?" Nilijibu kwa kifupi, nami nikaona aibu, maana jibu langu halikuwa jibu. Nikaanza kutafuta. Haya ndiyo niliyoyapata.

Sauti hutangulia, au hufuata

Wengi wetu tunadhani kwamba mchoraji humaliza picha zake zote, kisha mtu mmoja huja kuzisemesha. Katika nchi ya Marekani, na mara nyingi katika Ulaya, mambo huenda kinyume. Sauti hurekodiwa kwanza. Mwigizaji huingia katika chumba kidogo ambacho kuta zake zimefunikwa kwa vitu laini ili kuua mwangwi. Mbele yake kuna maikrofoni na karatasi za maneno. Haruhusiwi kuvaa bangili zinazolia, wala kufunua karatasi kwa kelele. Hata tumbo lenye njaa likinguruma, chombo kile husikia. Hakuna atakayemwona, lakini yeye hupunga mikono, huinama, huruka. Sauti ya mtu anayekimbia haitoki katika mwili uliokaa kitini kama gunia.

Baadaye wachoraji huisikiliza sauti ile kipande kwa kipande, nao huchora vinywa kuifuata. Picha zipitazo mbele ya macho yetu ni 24 au 25 katika kila sekunde. Kwa hiyo kikatuni cha dakika 11 kina picha zaidi ya 15,000 zinazopita, na katika kila moja mnyama mwenye kusema lazima awe na kinywa kinachokubaliana na herufi inayosikika. Kwa bahati vinywa vyenyewe si vingi. Kuna kinywa kilichofunguka cha A, cha mviringo cha O, kilichofumbwa cha M na B na P, na kile ambacho meno hugusa mdomo, cha F na V. Kwa vinywa vichache hivyo mnyama husema maisha yake yote.

Wajapani hupenda njia nyingine. Wao huchora kwanza, kisha waigizaji husimama pamoja mbele ya picha, nao husema wakiitazama. Kazi hii kwao ni kazi ya heshima, ina shule zake na mabingwa wake. Hapa niwaambie vijana wangu jambo lililowafanya wanafunzi wa Minova wapige kelele hata mwalimu wa darasa la jirani akaja kuuliza kuna nini. Ninyi nyote mnamjua Son Goku, yule mtoto mwenye mkia na nguvu za ajabu, ambaye asili yake ni hadithi ya kale ya Kichina juu ya Mfalme wa Nyani. Sauti yake ya Kijapani, tangu mwaka 1986, ni ya mwanamke. Jina lake Masako Nozawa, naye alizaliwa mwaka 1936. Alikuwa na miaka 50 hivi alipoanza kuwa mtoto wa kiume, na alipokuwa bibi mwenye mvi aliendelea kuwa mtoto yule yule. Hata Goku mdogo mnayemsikia kwa Kifaransa ni mwanamke, Brigitte Lecordier. Sababu yake ni nyepesi: sauti ya mtoto wa kiume huvunjika akibalehe, na kazi ya miaka mingi ingekatika, ya mwanamke haivunjiki.

"Basi hata yule mama mzee angeweza kuwa Goku," akasema msichana mmoja. Nikamjibu kwamba naam, angeweza.

Wajapani hao hao, wa kampuni ya Nippon Animation, walichukua ngano za ndugu Grimm na kuzifanya mfululizo wa televisheni kati ya mwaka 1987 na 1989. Angalieni safari ya hadithi hizo. Zilisimuliwa na watu wa Ujerumani. Ndugu wawili wakazikusanya na kuzichapa mara ya kwanza mwaka 1812. Zikachorwa Japani kwa sauti za Kijapani. Kisha zikavikwa sauti za lugha nyingine nyingi na kusambazwa ulimwenguni. Msichana wa kofia nyekundu amekwisha badili koo lake mara nyingi kuliko nguo zake.

Kazi hii ya kuivika picha sauti mpya, Wafaransa wanayo namna yao ya kuifanya, nami naiona ni ya akili sana. Chini ya picha hupita utepe wenye maneno yaliyoandikwa kwa mkono au kwa mashine. Mahali ambapo kinywa kinavuta neno, herufi nazo hutandazwa kwa urefu. Mahali ambapo mhusika anasema haraka, herufi hubanwa pamoja. Neno likigusa mstari uliosimama, mwigizaji hulisema. Anasoma na kuigiza kwa wakati mmoja, kama mwimbaji wa kwaya aliyeshika noti.

Kiswahili na vinywa vya wengine

Nilitaka kujaribu kazi hiyo mwenyewe, na mara moja nikakwama. Nawaeleza kwa sababu walimu wa lugha watapenda kusikia.

Maneno yetu ya Kiswahili karibu yote huishia kwa vokali: a, e, i, o, u. Maana yake ni kwamba Mswahili akimaliza kusema, kinywa chake kimebaki wazi. Mzungu akisema "Stop!", midomo hufumbwa mwishoni kama mlango. Sasa mchoraji amekwisha kuifumba midomo ile, nawe unataka simba aseme "Simama!" Simba amefumba kinywa, na ile "a" ya mwisho inatoka wapi? Inatoka puani? Urefu nao ni shida. "Non" ya Kifaransa ni pigo moja. "Hapana" ni mapigo matatu. Simba aliyechorwa akikataa mara moja, kwetu ataonekana anakataa hata baada ya kugeuka na kwenda zake.

Lakini sikilizeni tena. Picha moja ilimwonyesha mama kuku akiwaita vifaranga kwa Kifaransa: "Viens!" Nikaweka "Njoo!" kama kitabu kinavyotaka. Haikufaa, kuku alifungua mdomo wazi, nami nilimlazimisha kuuviringa kama apulizaye moto. Mwanafunzi mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tuseme kuya." Kuya! Neno la nyumbani, la sokoni, la ziwani. Katika shule niliyosoma tuliadhibiwa kwa kusema "kuya" mahali pa "njoo", na hata leo masikio yangu huwaka nikilisikia darasani. Lakini lilikaa kinywani mwa kuku barabara, kama kifuniko juu ya chungu chake. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sanifu na nitabaki hivyo. Siku ile hata hivyo nilimpa mtoto yule alama zote.

Mboloko na sinema ya misioni

Wazee wetu watasema kwamba mambo haya si mageni, nao wana haki. Katika miaka ya 1950 mapadre kadhaa katika Kongo walijitia katika kazi ya sinema. Hapa Bukavu alikuwapo Padre De Vloo wa Mapadre Weupe, pamoja na Africa Films. Huko Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, Padre Albert Van Haelst aliwapa watu vichekesho vya Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, ambavyo vilichekesha Kongo nzima. Na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Padre Alexandre Van den Heuvel wa Shirika la Scheut alifanya jambo la kipekee: alitoa filamu za michoro zilizotokana na ngano za Kiafrika, akaziita kwa Kifaransa "Les Palabres de Mboloko".

Mboloko ni yule paa mdogo wa msituni, mjanja wa hadithi za Kilingala. Ni ndugu wa Sungura wetu na wa Kalulu wa Katanga na Zambia; wote ni wadogo wa mwili na wakubwa wa hila. Ndivyo mnyama wa hadithi zetu alivyopanda juu ya shuka jeupe, zaidi ya miaka sitini kabla ya ile jioni yetu ya Minova.

Sinema nyingi za wakati ule zilionyeshwa mahali ambapo lugha ya filamu haikujulikana. Kwa hiyo mwalimu au katekista alisimama kando ya shuka akieleza kwa lugha ya watu wa pale. Alimsemea mfalme, akamsemea mwizi, akamsemea hata punda. Aliyekuwa na kipaji alijaza uwanja. Asiye nacho alizomewa. Na kazi hiyo haikufa. Huko Dar es Salaam, bwana Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alipata sifa kubwa kwa kuzitafsiri filamu za kigeni peke yake, sauti moja kwa watu wote waliomo ndani. Mama yetu wa Masisi hakuwa mzushi. Alikuwa katika ukoo mrefu.

Lakini tuseme kweli kuhusu Mboloko. Mnyama alikuwa wa kwetu, mkono uliomchora ulikuwa wa mgeni, na maneno aliyoyasema yalichaguliwa na mgeni. Simlaumu Padre, alizipenda hadithi hizi wakati ambapo wengi waliziona ni upuuzi. Ila mtu anayekusemea, hata akikupenda, bado ni yeye anayesema. Ilichukua miaka mpaka Mkongo mwenyewe aketi kwenye meza ile. Ndiye Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mzaliwa wa Lubefu, mwaka 1957. Aliianzisha studio yake, Malembe Maa, mwaka 1988, na mwaka 1991 akatoa kikatuni chake juu ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake, kutoka ngano ya Watetela. Kazi yake ya kwanza haikuwa hadithi ya mfalme wala ya ndege ya kivita. Alimchukua chura na safari ya ukweni, jambo ambalo kila mwanamume wa kwetu analijua na kuliogopa.

Tingatinga na Akili

Upande wa mashariki nako kuna habari. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 kusini mwa Tanzania, alianza kuchora wanyama Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao laini. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Wanafunzi na jamaa zake wakaendelea. Mwaka 2010 wanyama wa mtindo wake walianza kutembea katika televisheni ya Uingereza, katika mfululizo uitwao Tinga Tinga Tales, wa vipande 52. Kila kipande hujibu swali la namna ambayo watoto wetu huwauliza wazee: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu. Mwenye wazo alikuwa Mwingereza, Claudia Lloyd. Picha zilifanyiwa kazi Nairobi, katika studio ya Homeboyz. Na Mkenya Eric Wainaina alitia mkono katika nyimbo zake.

Lakini sauti? Toleo la Kiingereza lilitumia zaidi waigizaji wa Uingereza. Simba alichorwa Nairobi, akanguruma kwa koo la mbali. Naijua sababu: waliolipa ndio waliochagua, na watoto waliokusudiwa kwanza walikuwa wa kule. Hata hivyo, mzazi mwenye masikio huiona tofauti. Waafrika walipewa kalamu. Maikrofoni ilikuwa mbali kidogo zaidi.

Ndiyo maana nafurahi ninapoiangalia kazi ya Ubongo, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Kipindi chao cha kwanza kilianza katika televisheni ya taifa ya Tanzania mwaka 2014, kwa Kiswahili, na baadaye wakaleta cha watoto wadogo kuhusu Akili, msichana wa miaka minne akaaye chini ya mlima Kilimanjaro. Kila alalapo huingia katika nchi ya ndoto na kukutana na rafiki zake wanyama. Mnaona? Ni mtindo wa ngano kabisa: mtoto anavuka mpaka, anakuta wanyama wenye kusema, anarudi amejua jambo. Kipindi kimevikwa lugha nyingine pia, Kinyarwanda mojawapo. Na faida yake imepimwa. Mwaka 2018 Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland alitangaza utafiti uliofanyika Morogoro: watoto walioonyeshwa kipindi cha Akili waliwapita wenzao katika mambo kama kuhesabu na kutambua maumbo. Mtoto hujifunza upesi kwa mtu anayeongea kama shangazi yake.

Kabla sijarudi Minova, nimtaje mtu mmoja. Katika sinema ya mwaka 1994 iliyojaa majina ya Kiswahili, Simba, Rafiki, Pumbaa, yule nyani mzee Rafiki alikuwa na sauti ya Mmarekani mweusi, Robert Guillaume. Alizaliwa St. Louis mwaka 1927, jina lake Robert Williams, akalelewa na nyanya yake. Jina la Guillaume alijichagulia mwenyewe; ni lile lile William, ila kwa Kifaransa. Kutoka mwaka 1995 hadi 2000 alikuwa msimulizi wa mfululizo wa televisheni uliozichukua ngano za Ulaya na kuwapa mashujaa wake sura na sauti za mataifa mengine: Waafrika, Wachina, Wahindi, wenyeji wa Marekani. Alifariki mwaka 2017. Hakuonekana hata mara moja katika vipindi vile. Alikuwa koo tu, na watoto weusi wa Marekani walijisikia wamealikwa katika hadithi ambazo kwa muda mrefu zilisimuliwa kana kwamba wao hawapo.

Dakika kumi na moja

Sasa turudi. Mwezi wa tano wa mwaka ule ule wa 2024, tukamwomba mama mzee aturuhusu kuirekodi sauti yake. Hatukuwa na studio. Tulitumia simu yangu, na ghala la shule lililojaa magunia ya maharagwe, maana magunia hula mwangwi kuliko ukuta wowote. Tulifunga dirisha kwa blanketi. Mvua ilinyesha juu ya mabati, tukangoja. Ikaacha, jogoo akawika, tukangoja. Kisha ikapita mitumbwi yenye mota ikielekea Goma.

Mwishowe kukawa kimya, nami nikamwashiria aanze. Akaitazama simu, akanitazama mimi. "Mwalimu, nitaongea na chuma?" Ikatubidi kuwaingiza watoto sita, wakaketi juu ya magunia wamsikilize. Ndipo akaanza. Pumzi za watoto zimo ndani ya rekodi, na vicheko vyao, na mmoja anayepiga chafya. Mwanzoni nilitaka kuviondoa. Nashukuru kwamba sikujua namna ya kuviondoa.

Mjukuu wake alikuwa mmoja wa wale sita. Mtoto huyu alikuwa darasani mwangu tangu mwezi wa pili, na sikuwa nimeisikia sauti yake. Aliandika vizuri, alihesabu vizuri, ukimwita alisimama. Lakini kinywa hakikufunguka. Hatukumlazimisha, maana tulijua kidogo juu ya mambo aliyoyaona njiani. Siku ile mama mzee alifika mahali katika hadithi ambapo Simba anawaita wanyama wote kwa majina, mmoja mmoja. Akaita Tembo, akajibu yeye mwenyewe. Akaita Fisi, akajibu. Akaita Kobe, naye akanyamaza, akamgeukia mjukuu wake.

Ukimya ule katika rekodi una urefu wa sekunde tisa. Nimeuhesabu mara nyingi.

Kisha inasikika sauti nyembamba: "Niko."

Mama mzee hakumsifu, hakusita, aliendelea kama kwamba Kobe ndivyo anavyojibu siku zote. Lakini toka hapo hadithi yote aliipindisha ili Kobe aitwe tena na tena. Kobe anaitwa mtoni: "Niko." Anaitwa usiku, wakati wenzake wamemsahau: "Niko." Anaitwa akiwa amejificha ndani ya gamba lake, na hapo neno lenyewe linasikika kama limetoka chini ya chungu. Mara saba kwa jumla, na hakuna mbili zilizofanana. Nimesoma juu ya waigizaji wakubwa wa Tokyo na Paris, lakini sijui kama kuna aliyepewa neno moja akalitumia namna ile.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 vita vikafika Minova penyewe, na watu wakatawanyika. Mama mzee na mjukuu wake walipanda mtumbwi alfajiri. Hadi ninapoandika sijapata habari ni ufuko gani uliowapokea. Simu niliificha ndani ya unga, nayo ikapona.

Masomo yalipoanza tena, wanafunzi waliobaki waliniomba wasikie ile hadithi. Tuliisikiliza mara mbili. Ndipo wakaamua wenyewe kuichora, kwa kalamu za rangi na madaftari ya zamani, sauti ikitangulia na picha ikifuata, kama wafanyavyo wale wa Marekani. Kazi inaenda polepole. Kwa muda wa wiki nne wamemaliza sekunde 20. Wameshika somo la vinywa: katika "ni" meno yanaonekana, katika "ko" midomo inaviringika. Juma lililopita walifika kwenye ile "Niko" ya tano, ya Kobe aliyejificha, wakaanza kubishana kinywa kiwe kikubwa kiasi gani. Mmoja alichora kidogo, mwingine akachora kidogo zaidi. Msichana yule aliyesema habari ya Goku akawanyang'anya daftari, akafuta vinywa vyote viwili, akachora gamba peke yake, akaniambia nicheze sauti tena.